Dirisha Lililoangusha Seva

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku bosi aliponiambia mimi, fundi wa kompyuta, kwamba seva ya hospitali yetu hapa Songea inaangushwa na dada wa mapokezi, nilimjibu vibaya. Tangu lini kuandika jina la mgonjwa kukaangusha seva?

Lakini alikuwa na hoja. Kila zamu ya dada yule, ikikaribia saa sita mchana mfumo unagoma, mpaka niizime seva na kuiwasha upya. Wenzake wakikaa dirisha lile lile, hakuna shida. Bosi alishamwonya: ikianguka tena, anahamishiwa zahanati ya mbali. Na nyumbani kwake Mjimwema alikuwa anamuuguza mama yake, hana wa kumwachia.

Baada ya onyo, seva ikatulia. Bosi akatamba, "Si unaona? Ulikuwa uzembe tu." Iliniuma. Nikamfuata dada.

"Dada, umebadilisha nini?"

Akainamia kibodi. "Nimeacha kuwauliza majina, kaka. Niliona nikitafuta sana ndiyo inagoma."

Wazee wa huku mtu ana jina la ubatizo, ana la nyumbani, na mwingine anajulikana kwa jina la mtoto wake. Faili limefunguliwa kwa hili, leo anataja lile. Wenzake jina lisipoonekana wanafungua faili jipya, basi. Yeye alikuwa anauliza, "Shikamoo bibi. Na nyumbani wanakuitaje?" Anatafuta, anakosa, anauliza tena, hadi faili lipatikane.

Nikarudi kwenye programu nikaisoma mstari kwa mstari. Kila ukitafuta jina, mfumo unafungua mawasiliano na hifadhidata. Jina likipatikana, unayafunga. Lisipopatikana, unatoa jibu na kuondoka zake, mawasiliano yamebaki wazi yanakula memori mpaka seva inaelemewa. Aliyeiandika hakuwaza kwamba mtu mmoja anaweza kutafutwa mara nne. Nilitukana peke yangu ofisini, kisha nikarekebisha: jina lionekane lisionekane, mawasiliano yafungwe.

Nikamwambia dada aulize majina yote anayotaka. Akauliza wiki nzima, na mimi nimekodolea macho memori ya seva. Haikujaa. Nikamwita bosi, nikamweleza, safari hii kwa upole. Akaenda mwenyewe dirishani kumwambia uhamisho haupo tena.

Nilitegemea dada atafurahi. Alishukuru, lakini bosi alipoondoka akaanza kulia.

"Lilipokuja lile onyo niliogopa, kaka. Kuna bibi alitoka Maposeni, jina halikuonekana, nikamfungulia faili jipya. Nilijua ana la zamani. Daktari atamwona kama mtu asiye na ugonjwa wowote, na yule bibi ana presha na sukari."

Nilivuta kiti nikakaa pembeni yake, tukaanza kulitafuta faili lake la zamani.