Mama Aliulizwa Siku ya Kuondoka Barbados

Dada yangu Akiru ni muuguzi Barbados, kisiwa cha Karibi nilichokijua kwa jina tu mpaka alipoolewa huko. Mwaka huu alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, akapiga simu kusema jambo moja: anamtaka Mama. Mama hakuwahi kuvuka Kitale. Kiingereza hajui, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa Lodwar niliyekuwa likizoni, nikawa mkalimani, mchukuzi na mlinzi wa pasipoti mbili.

Kakuma ndiko nilikomfuata. Masharti ya kisiwa hayakunitisha. Mkenya anayekwenda kutembea haombi visa. Anatakiwa pasipoti ambayo haijakaribia kuisha, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tiketi ya kurudi, anwani ya atakakofikia, na fomu ya mtandaoni. Kioja ni kwamba visa tulidaiwa na nchi ya kubadilishia ndege, ambako hatukutoka hata nje ya kiwanja. Chanjo tulidungwa mapema, maana cheti hakikubaliki mpaka siku kumi zipite. Fomu tulijaziwa na Mkongo mmoja mwenye saiba, kibanda cha intaneti, karibu na kambi ya wakimbizi.

"Mama, utafikia wapi?" aliuliza.

"Kwa mtoto yangu."

"Ile haiko adresi, mama."

"Iko. Wewe andika tu. Kule wanamjua."

Nikamwonyesha anwani kwenye simu, naye akaiandika huku akicheka.

Kalemng'orok, njiani kuelekea Nairobi, basi lilisimama tukale. Nilikuwa nimepanga kumfundisha Mama hapo maswali ya uhamiaji, lakini nyama ya mbuzi ilikuwa laini na maongezi matamu. Maswali yakaachwa mezani pamoja na mifupa.

Kutoka Nairobi tulipanda ndege mbili. Mama alikaa kama yuko kwake. Aliyeng'ang'ania kiti ni mimi. Alionja chakula, akakisukuma kando, akalala usingizi mnono.

Bridgetown, mji mkuu wa kisiwa, tulifika mchana. Ofisa wa uhamiaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole. Mama akamsalimu, "Ejok." Ofisa akatabasamu, akakagua cheti cha chanjo, kisha akaniomba nimuulize ataondoka lini.

"Sijakaa chini," Mama alisema kwa Kiturkana. "Maji sijapewa. Na ananiuliza naondoka lini?"

Kwetu mgeni haulizwi hilo. Anayekuuliza amekuchoka. Nikamsihi ajibu tu.

"Mwambie mtoto akinijua, nitaondoka."

Tiketi ilisema wiki tatu, mtoto mwenyewe hakuwa amezaliwa, na mgeni asiyeijua siku yake anaweza kurudishwa na ndege iliyomleta. Ningeweza kumjibia, lakini Mama alikuwa ananitazama mdomo, na neno "wiki" analitambua hata kwa Kiingereza. Nikatafsiri kama alivyosema.

Ofisa aliacha kuandika. "Mtoto gani?"

Nikaeleza. Akatuweka kando, akachukua namba ya Akiru, akaenda kupiga simu. Niliogopa sana. Niliona Akiru akijifungua mji huo huo bila mama yake, kwa sababu ya jibu moja. Mama alisimama wima ukutani, bado amekasirika.

Ofisa aliporudi alikuwa anatikisa kichwa. "Mama yangu naye angejibu hivyo hivyo," alisema. Alitupa miezi mitatu, akanionya kwamba tiketi tunaweza kuibadilisha wenyewe, lakini muda uliogongwa kwenye pasipoti tusiuvuke bila kuomba mwingine.

Nyumbani kwa Akiru, mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, msichana mwenye sauti. Mama alimwogesha, akamwimbia, akagombana na mkwe wake kuhusu feni. Kiingereza hakikuhitajika. Siku ya tiketi ilipofika niliondoka peke yangu. Ya Mama tulikuwa tumeisogeza mbele.

Lodwar nimesharudi, na majirani wanaotamani kisiwa wananiuliza siri. Hakuna siri. Beba vyeti mkononi, si kwenye sanduku, chanjwa mapema, jua anwani. Lile swali la kuondoka ndilo nililolichukulia kijuujuu, nikidhani linahitaji tarehe tu.

Jana Mama alipiga simu. Alikuwa ametoka nje kuanika nguo, mtoto akalia mikononi mwa baba, akalia mikononi mwa Akiru, kisha akanyamaza aliposikia sauti ya bibi yake mlangoni.

"Amenijua," Mama alisema.

Nikampongeza, nikamwambia basi nitaulizia ndege. Nikamsikia akimbembeleza mjukuu wake.

"Sasa nitaondoka aje?"