Siku Gari Langu Liliponuka Makemba

Kuna mama muuza makemba, zile ndizi za kupika, pale soko kuu ambaye mpaka leo akiniona napita ananiita kwa sauti, "Rama, makemba iliiva?" na wenzake wote wanashika mbavu, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanyaje, lakini aibu yenyewe bado naisikia hapa shingoni, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa Kisangani wanaopenda kuongeza chumvi.

Chanzo ni Aziza. (Chanzo ni mimi, lakini acheni nimtaje yeye kwanza, maana hata kumtaja tu kunaniburudisha.) Zamani, tukiwa vijana, tulizoea kukaa juu ya mawe kule Wagenia kuangalia wavuvi wakitega mitego yao kwenye maporomoko, na siku moja likapita gari la mbio la Kijerumani, la milango miwili, linanguruma, na Aziza akasema, "Siku moja utanileta huku na gari kama ile." Halafu akaenda Kinshasa kusomea uuguzi, akapata kazi, akabaki huko, na mimi nikabaki na duka la vitambaa la marehemu baba na maneno yale. Sikuoa. Na siku mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama mji alipotangaza kuuza gari la aina ile ile, nililinunua kabla hata sijalijaribu (gari la chini namna ile, kwa mashimo yetu haya!).

Kasoro yake ilikuwa giaboksi, ambayo sisi tunaiita boîte. Ilikuwa otomatiki, na ilikuwa imechoka: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele za kutisha, gari lenyewe linatoka polepole kama bado linafikiria. Sikuwa na haraka ya kuitengeneza mpaka niliposikia kwamba Aziza anakuja kwa harusi ya mdogo wake, Mwamini. Nikakimbia kwa familia yao, nikajitolea kumbeba bibi harusi, kwa sababu nilijua dada mtu atakaa kiti cha mbele. Maharusi wengi huenda kupiga picha Wagenia, basi na mimi nilipanga kwamba pale pale, mbele ya mawe yetu, nitamwambia asirudi Kinshasa.

Nikampelekea fundi wangu, Papa Lokwa, gari.

"Bon, patron," akasema akijifuta mikono, "boîte yako haikufa, iko na ugonjwa tu. Mi naweza kuifungua, tunabadilisha disques, visahani vya ndani, inakuwa mupya. Lakini ile disques inatoka Kampala, donc utangoja. Ao tunatoa boîte yote, tunaweka ya okazi, yenye ilishatumika. Iko moja ya gari yenye ilipinduka njia ya Bengamisa."

"Papa, wewe ungechagua nini?"

"Mi? Mi niko na moto yangu," akasema, akinionyesha pikipiki yake ukutani.

Nikachagua ya okazi, kwa sababu harusi haingojei vipuri. Aziza akafika, nikasikia amefikia kwa mjomba wake, mtaa wa Kabondo, na mimi (hapa ndipo mnipige kofi) sikwenda kumsalimia, maana boîte ile ilitoka kwenye gari kubwa zaidi, mabomba yake ya mafuta hayakulingana na yetu, na kila siku nikifunga duka nilikuwa gereji, mikono imejaa grisi, nikijiambia kwamba ataniona siku yenyewe, nimevaa suti, niko kwenye usukani. Alinitumia ujumbe, "Ya Rama, uko wapi?" (Ya ni kaka, ndivyo alivyozoea kuniita.) Nikamjibu, "Ngoja tu, utaona."

Na kweli aliona. Siku ya harusi msafara ulikuwa tayari, maharusi wamebanwa kiti cha nyuma na shela inatoka dirishani, Aziza pembeni yangu amevaa kitenge cha kijani, ananukia vizuri mpaka nilisahau ufunguo unazungushiwa upande gani, halafu watu wakaanza kupiga kelele nikashuka, nikakuta chini ya gari kuna dimbwi jekundu. Mafuta ya boîte, yote. Papa Lokwa alikuwa amekwenda Isangi kwenye kilio, simu haipatikani. Nikaangalia dimbwi. Nikaangalia jikoni kwa mama wapishi, nikaona dumu la mawese. Rangi ni moja, jamani! Nikakaza bomba kwa kipande cha kitambaa nikaomba lile dumu.

Aziza akatoa kichwa dirishani. "Ya Rama, tuache gari. Tuende na moto, mi na weye, wale wengine iko na magari."

Niliyasikia maneno hayo. Nikamwambia, "Kaa tu," nikaendelea kumimina.

Mwanzoni gari lilikwenda vizuri ajabu, hata nikapiga honi. Tulipokaribia soko kuu mwendo ukawa wa pole, mawese yakapata moto, na harufu ya makemba ya kukaanga ikajaa ndani, ikatoka nje na moshi wake, ikaenea barabara nzima, na yule mama wa ndizi akasimama akauliza, "Munapikia ndani?" Mbwa wakatufuata. Hapo gia zote za mbele zikafa, ikabaki ya kurudi nyuma peke yake, na mtu mwenye akili angezima gari, lakini mimi nikaligeuza, makalio mbele, nikaendelea kinyumenyume, shingo nimeipinda, nikitazamana na bwana harusi aliyejiziba pua kwa tai. Na kwa kuwa kwetu gari la bibi harusi halipitwi, msafara mzima ukatufuata kwa heshima zote, honi zinalia, ukitazamana na boneti yangu.

Sauti ya maporomoko tuliisikia, lakini hatukufika. Gia ya nyuma nayo ikafa. Maharusi wakachukuliwa na gari la mjomba, bado wanacheka, na Aziza akabaki kidogo, amejifunika mdomo kwa kitambaa. Nikadhani naye anacheka.

"Kila jioni nilikuwa nakaa ku mulango," akasema. "Nilikuwa nasema leo atakuja. Kama ungekuja na miguu tu, Ya Rama, ningebaki."

Akasimamisha toleka, teksi yetu ya baiskeli, akakaa upande kwenye kiti cha nyuma, kitenge chake cha kijani kikaenda nayo mpaka sikukiona tena. Baada ya harusi akapanda ndege.

Sasa disques za Kampala zimefika na Papa Lokwa anaifungua boîte ya zamani taratibu, maana ya okazi haioshiki harufu. Siku hizi Aziza ananitumia ujumbe wa sauti mara moja moja kuuliza kama gari bado linapika, na mimi nausikiliza tena na tena ule mwisho wake, pale anapocheka kabla ya kukata. Hata gari likipona na kukimbia kama jipya, akirudi mji huu nimeapa litabaki limefunikwa nyumbani. Nitakwenda Kabondo kwa miguu, hata kwa mvua, siku ile ile atakayofika.