Jirani Yetu wa Kutoka Chios

Mwaka jana mwenzangu kazini alirudi kutoka likizo Ugiriki, akanipa kipande cha utomvu mkavu, kidogo kama punje ya mchele, akaniambia nitafune. Ladha ya msonobari ilipopanda puani nilikaa kitako kwenye ngazi za ofisi, watu wakidhani naumwa. Nilikuwa na miaka tisa tena, nipo Koekelberg, Ubelgiji, kwenye jengo letu la ghorofa nne, masikio yakiniwaka kwa aibu. Ngoja nikusimulie, na usinicheke kabla sijamaliza.

Chini yetu aliishi mama mmoja wa Kigiriki, mjane, aliyevaa nyeusi tupu kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Kila jioni alifukiza ubani, moshi ukapanda ngazi hadi kwetu. Mlango wake ukiwa wazi tulimwona mezani, kisu kidogo mkononi, akikwangua vijiwe vinavyong'aa. Sisi watu wa Bukavu tulihitaji nini zaidi? Mama aliamua kuwa huyo ni mchawi, na akamtangaza hapohapo ngazini, mbele yake, kwa tabasamu: "Bonjour, madame. Ule mama ni mulozi, mutoto, usimuangalie mu macho." Nami kasuku wa nyumba nikashika somo. Miezi saba nilimpa salamu kwa Kifaransa na matusi kwa Kiswahili. Aliitikia kwa kichwa tu. Nilijiona mjanja kweli.

Majira hayo bibi yetu alikuwa amekuja kuishi nasi, baada ya vita kumtoa Bukavu. Kifaransa hakujua. Mchana kutwa alikaa dirishani, shali mabegani, ugali na mboga ya sombe vikipoa mbele yake. Alionja vijiko viwili, basi. Siku moja nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, "Bon, maman atatufia hapa mu mikono. Tutafanya nini?" Niliogopa. Jumatano, shule ikifungwa saa sita mchana, kazi yangu ilikuwa moja: kukaa na bibi.

Jumatano moja nilirudi nikakuta mlango wazi na kiti kitupu. Nilishuka ngazi mbilimbili nikimwita, na hapo nikasikia kicheko cha bibi, ambacho sikuwahi kukisikia tangu afike Ubelgiji. Kilitoka kwa mchawi.

Nilisukuma mlango. Bibi alikuwa mezani, kisu mkononi, akisafisha vile vijiwe kama anayechambua maharage. Na yule Mgiriki alikuwa akiongea Kiswahili. Kiswahili chetu cha Bukavu, cha sokoni Kadutu! Akanigeukia, wala hakupandisha sauti: "Ingia, mutoto. Mulozi anapika kahawa."

Nilitamani sakafu inimeze. Maneno yote ya miezi saba yalinipitia kichwani moja moja. Miguu ilikataa kuingia, ikakataa kukimbia. Nilichohofia zaidi ni kwamba angemfukuza bibi kwa sababu yangu, na bibi arudi kwenye kile kiti chake cha dirishani. Badala yake alinivutia kiti.

Kumbe yeye na mumewe walikuwa na duka Bukavu, hadi serikali ilipotwaa maduka ya wageni miaka ya sabini. Vile vijiwe ni mastiha, utomvu wa miti ya kijijini kwao, kisiwani Chios. Kila majira ya baridi dada yake alimtumia mfuko mzima, ukiwa bado na majani na mchanga. Alitueleza jinsi wanawake wa kwao wanavyofagia chini ya mti na kutandaza udongo mweupe kabla ya kuuchanja, ili utomvu udondokee pasafi. Kuta za kijiji, alisema, zimechorwa maumbo meusi na meupe hadi chini ya vibaraza, na vichochoro vilijengwa vyembamba makusudi, maharamia wakiingia wapotee. Masultani wa Kituruki waliwapa wanakijiji unafuu, maana wake wa masultani kasrini hawakuweza kupitisha siku bila kutafuna mastiha. Bibi alitafuna, akakunja uso. "Hii ni dawa, si bonbon ya sukari," akasema, wakacheka tena.

Bibi akaanza kula. Kila siku alishuka. Mama alipoambiwa alikaa chini, mikono kichwani, kisha akakaanga sambusa na kunituma mimi nizipeleke. Yeye mwenyewe alipita ngazini mwezi mzima bila kuinua macho. Ushujaa wa ukoo wetu ndio huo.

Bibi na yule Mgiriki wote wawili wameshafariki. Lile jengo sasa lina lifti, watu wanapanda kimya, kila mtu na simu yake. Wanangu nawaita kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kifaransa, na siku nikichoka nami nahamia hukohuko. Inaniuma.

Nilipofika miaka kumi na sita nilipata ujasiri wa kumwuliza yule mama wa Kigiriki, "Maman, juu ya nini haukutujibu siku zote zile?"

Aliweka kisu chini. "Ningejibu, mungenyamaza," akasema. "Tangu bwana yangu akufe, hakuna mutu alisema Swahili karibu na mimi. Kila asubuhi nilikuwa nasimama nyuma ya mulango, nangojea mushuke munitukane."