Fundi wa Vizibo vya Masikio

Mama jirani yetu hutengeneza vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza kelele bila kuzima sauti, na hasahau kusugua viganja vipate joto kabla hajamgusa mtu. Humjaza mtu mpira laini sikioni ili achukue umbo lake, kisha husema taratibu, "Imba kidogo, mwanangu, sikio likae linavyokaa kazini." Juzi alimpelekea vizibo mpiga dramu aliyekaribia kuacha kazi, maana masikio yalimvuma hata kitandani. Kijana akavivaa, akapiga kwa nguvu zake zote, halafu akaacha ghafla na kumgeukia mpiga gitaa wa bendi yao.

"Kumbe huwa unaimba nyuma yangu?"

"Miaka yote," mwenzake akajibu.

"Na anaimba vibaya," mama akamwambia kijana, mguu wake ukiendelea kudundadunda sakafuni. "Wewe piga tu, baba. Tumezoea."