Kolekole Niliyemrudisha Majini

Miaka ya themanini ilipofika katikati, nilikuwa fundi msaidizi kwenye feri ya Kilifi, kijana wa bara anayefanya kazi juu ya maji na hajui hata kuogelea. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa visiwa vya kaskazini, aliyeishi na binti yake. Nikitoka kazini alasiri nilichukua fimbo yangu ya kuvulia nikashuka kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, upande wa mikoko, nikavua mpaka karibu na magharibi.

Fimbo ile ilichekesha watu. Baba yangu alikuwa mlinzi wa mto wa samaki wa trauti huko kwetu milimani, ambako Wazungu walikuja kuvua kwa ndoana zilizofungwa manyoya, zifanane na inzi anayeelea juu ya maji. Baba alijifunza kwao, kisha akanifundisha mimi pamoja na sheria zake, ambazo alizishika kuliko Amri Kumi. Bana kwa koleo kile kijino cha ndoana, ichomoke bila kumchana samaki. Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Usimweke nje ya maji kupita muda ambao wewe mwenyewe unaweza kuzuia pumzi. Samaki mchanga arudi. Mwenye mayai arudi, hata kama una njaa.

Huku pwani sikufunga inzi. Nilifunga manyoya meupe marefu kama dagaa. Mama mwenye nyumba alipoyaona mara ya kwanza alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Manyoya! Samaki wa kwenu bara wajinga, mwanangu. Hawa wetu wamesoma chuoni."

Lakini walikuwa wakinasa, na nikimletea mmoja wawili hakuuliza walisoma chuo gani.

Mwezi wa sita binti yake akajifungua mtoto wa kiume. Mume wake alikuwa kazini Mombasa. Upepo wa kusi ulikuwa umechafua bahari, vyombo vidogo havitoki, na sokoni hapakuwa na samaki ila ng'onda, wale waliokaushwa kwa chumvi, ambao mzazi hapewi. Siku ya tatu maziwa yalikuwa bado hayajashuka. Mtoto alilia usiku kucha upande wa pili wa ukuta wangu, na alfajiri sauti ilikuwa imekauka. Nilipotoka kwenda kazini mama alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinirudie mikono mitupu. Nataka samaki mbichi nimpikie mzazi mchuzi wa moto, maziwa yafunguke. Hata mmoja."

"Utampata, mama," nikasema. Nilisema kwa kujiamini sana, kama mtu mwenye bucha.

Alasiri ile maji yalikuwa yanajaa. Nilirusha mara nyingi bila kuguswa, kisha uzi ukavutwa kwa nguvu mpaka fimbo ikapinda. Alikuwa kolekole, mrefu kutoka kiwiko changu hadi vidoleni, anang'aa. Nikalowesha mikono, nikamshika. Nilipomgusa tumboni vikachuruzika vijiyai vya manjano.

Nikasimama pale, maji magotini. Je, nilimkumbuka mtoto yule aliyekuwa akilia? Ndiyo, nilimkumbuka. Siwezi kujitetea kwamba nilisahau. Lakini nilijiambia kwamba jua bado lipo, kwamba nitapata mwingine, dume, asiye na mayai, na mambo yote mawili yatakuwa sawa. Na nikiri lililo baya zaidi: nilijipenda. Nilijiona mstaarabu kati ya watu wanaokula kila kinachonasa. Nikamweka majini taratibu, nikamshikilia mpaka akapata nguvu, akapiga mkia akaenda. Nikatabasamu peke yangu.

Hakuja mwingine.

Mama alikuwa amekwisha kubandika sufuria ya maji motoni. Alinitazama, akatazama kikapu changu.

"Sikupata kitu, mama," nikasema. "Bahari chafu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilianzia hapo.

"Si neno," akasema. "Riziki haivutwi kwa kamba."

Akatoka uani. Alikuwa na kuku mmoja tu, tetea mwekundu, aliyekuwa akiatamia mayai chini ya ngazi, na mwenyewe alikuwa akihesabu siku za vifaranga. Akamnyanyua juu ya mayai yake, akampeleka kwa jirani mwanamume amchinje. Nilisikia kuku akilalamika, kisha akanyamaza. Nilikaa kitandani nikiwaza: mama mmoja nimemwokoa kwa ajili ya mayai yake, na mwingine ndiye huyo. Baba alikuwa amesema hata kama una njaa. Hakusema lolote kuhusu njaa ya mtu mwingine, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza.

Baadaye mlango ukabishwa. Mama alikuwa ameniletea bakuli la supu, na ndani yake paja zima. Nikasema nimeshiba. Akasema hapo nyumbani hakuna anayelala bila kuonja chungu kilichopikwa. Nikalipokea, nikala.

Kesho yake maziwa yalishuka, alhamdulillahi, na mtoto akanenepa mpaka akawa na mikunjo mapajani. Kwa majuma kadhaa mimi nikavua kama mwizi. Nilibeba kila kilichonasa, wadogo wa kidole, wenye mayai na wasio na mayai, nikawarundika jikoni kwake. Baba angenikana. Mama alishukuru kwa kila mmoja, na shukrani zake zilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa kivuko kingine. Nilipokwenda kumuaga alikuwa amempakata mjukuu. Nikajiapiza kwamba leo nitasema. Akanitangulia yeye.

"Siku ile ya kuku," akasema, "nalijua kuwa umepata samaki. Ulipopokea lile bakuli, mikono yako ilikuwa yanuka samaki mbichi."

Nikaitazama mikono yangu.

"Wala sikukasirika. Nikasema moyoni, mwanangu huyu kakutana njiani na mwenye shida kutushinda sisi, akampa, akaona haya kuniambia. Kwani si ndivyo?"

Alikuwa akinitazama kwa upendo mtupu. Maneno ya kweli yalikuwa tayari mdomoni, machache tu. Nikamtazama mtoto, nikamtazama yeye.

"Ndivyo, mama," nikasema.

Akaniwekea kiganja kichwani, akaniombea dua ndefu, Mungu anilipe kwa sadaka ile. Nikainama nikaitikia amina.