Gari la Buluu la Sosiot

Mimi ni fundi wa bodi. Karakana yetu iko Kapkatet, kando ya barabara, na kazi inayotulisha ni kunyoosha pikapu za majani chai na malori ya maziwa yaliyogonga ukuta, ng'ombe, au yenyewe kwa yenyewe. Kaka yangu ni wa injini. Mimi ni wa kile ambacho mtu hukiona kwanza: milango, boneti, madigadi, rangi. Baba yetu alikuja huku kutoka Kisii kuchuma chai kwenye shamba kubwa, akaweka kikapu chini akajifunza kuchomelea vyuma katika gereji ya shamba, na sisi wawili tukajifunza kwake. Siku hizi watu wamezoea kuona mwanamke ameshika nyundo. Zamani walikuwa wanasimama kutazama.

Asubuhi moja alikuja bibi mzee, amevaa sweta la kijani na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi vizuri. Nilimsalimia kwa Kikipsigis, nikamwita kogo, jinsi tunavyowaita nyanya wa huku, nikamsogezea kiti. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa pikapu niliokuwa nimeumaliza, akapitisha kiganja juu yake polepole, kisha akaniuliza kama nimetia puti nyingi ya kuzibia mabonde. Nilimwambia sijatia hata kidogo, nimenyoosha bati mpaka likarudi mahali pake.

"Basi mimi niko na gari," akasema. "Halijatembea tangu mzee wangu afariki. Nataka litembee."

Nikamwuliza ni la aina gani. Akasema ni la Amerika, lakini usukani uko kulia kama haya yetu.

Mimi na kaka tulikwenda kwake Sosiot baada ya siku chache. Gari lilikuwa kwenye banda la ng'ombe, nyuma ya rundo la majani ya kulisha mifugo, na ndama alikuwa amefungwa kwenye bampa. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa refu kuliko gari lolote nililowahi kuligusa kazini, lenye mabega mapana na mataa ya duara, na sehemu ya mbele iliyojaa chuma cha kung'aa ambacho hakikung'aa tena. Mvua zetu za kila alasiri zilikuwa zimeingia kwa paa la banda miaka mingi. Sakafu ilikuwa imeoza, na madigadi ya nyuma upande wa kushoto, lile bati linalofunika gurudumu, ilikuwa imebaki kama gazeti lililolowa. Niligonga boneti kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa bati nene, si kama haya ya siku hizi. Nilitamani kuianza kazi hapo hapo.

Kogo alituandalia chai akatueleza. Mumewe alilinunua kutoka kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao. Alipolileta nyumbani, alimfundisha mkewe kuliendesha kwenye barabara za ndani ya shamba siku za Jumapili, wakati hakuna trekta. Kogo ndiye aliyepeleka maziwa ya majirani asubuhi, mitungi ikiwa imepangwa ndani ya buti. Yeye ndiye aliyewakimbiza wanawake wenye uchungu wa kuzaa hospitalini, mmoja akajifungua kabla hawajafika. Wakati huo hakuna mwanamke mwingine wa Sosiot aliyekuwa akiendesha gari. Alisema hayo bila kujigamba, huku akiongeza chai kwenye kikombe cha kaka.

Wanawe walikuwa wanataka liuzwe. Kulikuwa na mtu wa Nairobi aliyeliulizia, na wao waliona ni afadhali liende kuliko liendelee kuoza. Kogo hakuwakatalia kwa maneno. Alianza tu kutafuta fundi.

Tulilivuta mpaka Kapkatet kwa lori. Njia nzima watu walikuwa wanapunga mikono, wengine wakicheka, na mimi niliyekaa mbele nilikuwa nimekaza uso kama ninayesindikiza bibi harusi.

Shida ya kwanza ilimpata kaka. Mkono mmoja wa chini unaounganisha usukani na magurudumu ulikuwa umechakaa hata usingeaminika barabarani. Akatafuta kwenye simu, akaona gari la jina lile lile na la miaka ile ile huko Amerika, akaagiza kipande kama hicho. Kifurushi kilichukua muda mrefu kufika. Alipokifungua alikaa nacho mkononi akikigeuzageuza, kisha akanipa. Kilikuwa kimekunjwa upande usio wake, kama kiatu cha mguu wa kushoto kwa mtu anayehitaji cha kulia. Kule kwao usukani uko kushoto. Dashibodi, waipa, pedali, vyote vimegeuzwa. Hakuna duka la Amerika lingetusaidia.

Kilichomvunja moyo zaidi ni kwamba picha hazikulingana. Uso wa gari letu ulikuwa wa jina moja, lakini milango na buti vilikuwa vya gari la jina lingine kabisa. Kaka aliamini kwamba mume wa kogo, mzee wa watu, aliuziwa magari mawili yaliyounganishwa baada ya ajali. Aliniomba nimwambie kogo kwa upole. Mimi sikuwa na haraka ya kusema. Nilikuwa nimekwangua rangi pale uso unapokutana na mwili, na sikuona mshono wala alama ya moto. Mtu akiunganisha gari, mimi huona. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe mara nyingi.

Niliweka picha zetu kwenye kundi moja la wapenzi wa magari ya zamani. Aliyejibu ni mzee mstaafu wa Australia, nao huko huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Alikuwa na gari kama letu ndani ya gereji yake, uso ule ule, milango ile ile. Alituelezea kwamba magari ya namna hii yalijengwa machache, mengi yao Kanada, kwa ajili ya nchi za usukani wa kulia. Ili wasitengeneze kila kitu mara mbili, walichukua uso wa gari moja wakauvalisha mwili wa lingine. Halikuuzwa Amerika hata siku moja. Lilitengenezwa lisafirishwe, lije kwa watu kama sisi.

Nilimsomea kaka maneno hayo karibu na tanki la maji. Akacheka, akafuta mikono, akasema, "Kumbe ni letu kabisa." Kuanzia siku hiyo hakuliita tena gari la kuungaunga.

Mzee wa Australia alilala chini ya gari lake akapiga picha za ule mkono wa usukani, utepe wa kupimia ukiwa umewekwa kila upande. Tulizipeleka Kericho kwa fundi wa kukereza vyuma aliyekuwa zamani kwenye kiwanda cha chai. Alitaka pia kuona kile kipande kilichochakaa na kile kilichotoka Amerika. Akatutengenezea kipya kwa chuma kigumu. Kaka, aliyekuwa ameshaifufua injini, alikifunga, akalizungusha gari kwenye uwanja wetu, akakifungua kukikagua, akakifunga tena, na aliendelea hivyo wiki nzima mpaka akaridhika.

Kazi yangu kubwa ilikuwa ile madigadi. Haikununulika popote. Nilichukua kipimo cha ile ya kulia kwa makaratasi magumu, nikayageuza, nikakata bati, nikaanza kulipiga juu ya gunia la mchanga kwa nyundo ya mti. Bati la namna hiyo halilazimishwi. Ukipiga sana pahali pamoja linatanuka na kuwa jembamba, na ukiliogopa linabaki bapa. Ya kwanza niliitupa. Ya pili ilikuwa nzuri kwa mbali, lakini nilipopitisha kiganja nikiwa nimefumba macho nilisikia kibonde. Niliitupa pia. Ya tatu nilipoishikiza mahali pake ilikaa bila kuvutwa, na mwanga wa asubuhi ulipita juu yake toka mlangoni mpaka kwenye taa bila kukatika. Nilimtumia mzee wa Australia picha za pande zote mbili nikamwuliza ni ipi ya kiwandani. Alichagua yangu. Nilifunga karakana mapema siku hiyo nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumweleza akaielewa, isipokuwa baba, na baba aliielewa mara moja. Alitaka apelekwe akaiguse.

Kuhusu rangi, wanawe kogo walisema nyeusi, kwa sababu ndiyo ya heshima. Kogo akasema buluu. Nilipoinua mpira wa sakafu ya buti nilikuta kipande cha rangi ya asili ambacho jua halikuwahi kukifikia, nacho kilikuwa buluu nzito. Nikachanganya rangi mpaka zikafanana, nikapuliza siku ambayo hakukuwa na upepo.

Siku ya kulichukua, kogo alikuja na mwanawe mkubwa. Kaka alikuwa ametandika kitambaa kisafi kwenye kiti cha dereva na alikuwa tayari kulipeleka Sosiot mwenyewe. Kogo alinyoosha mkono, akaomba ufunguo. Mwanawe akamkumbusha kwa adabu kwamba ni miaka mingi. Yeye akatoa leseni kwenye mkoba. Ilikuwa hai. Miaka yote gari likiwa na kuku ndani, alikuwa akiihuisha, na wanawe hawakujua.

"Mimi ni dereva," akasema. "Wewe kaa nyuma na huyu fundi wa injini. Msichana atakaa na mimi mbele."

Gia za gari hilo ziko kwenye shina la usukani, na watu wengi wa siku hizi hawajui hata pa kuanzia. Mkono wake ulijua. Alikanyaga klachi, akatazama kioo, akatazama barabara pande zote, akaingia polepole. Hakwenda mbio wala hakuchelewesha mtu. Nilipogeuka, nilimwona mwanawe akimtazama mama yake kwenye kile kioo kidogo kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Karibu na kwake kuna kituo cha kununulia majani chai. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na mizigo yao. Alisimama hapo, akazima injini, akashuka. Wazee kwa vijana wakalizunguka gari. Bibi mmoja wa rika lake alishika mlango akalia, akasema mtoto wake wa tatu alizaliwa njiani ndani ya gari hili. Mtu mmoja akauliza ni mafundi Wahindi wa wapi walioifanya kazi hii.

Kogo akanishika kiwiko akanisogeza mbele. "Ni huyu," akasema. "Bati alilipiga kwa mkono."

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama ile madigadi.

Sasa hivi gari hilo liko kwake, kwenye banda jipya lisilovuja, na Jumapili hulipeleka kanisani. Habari zilitembea. Mwezi uliopita mfugaji mmoja wa Mulot alituletea pikapu ya Amerika, usukani kulia, iliyokuwa ikibeba kondoo zamani za baba yake. Kaka ameshaanza kuandikiana na mzee wa Australia. Mlango wa kushoto nimeutoa. Chini umeoza, lakini juu bati bado ni zito, na ukiligonga linalia vizuri.