Darasa Linalosikika Njia ya Juu

Mwalimu Yusta hakuwaficha wazazi kitu. Mwanzoni mwa mwaka, siku walipoitwa shuleni, alisimama mbele ya baba na mama wa kidato cha pili akawaeleza watarajie nini kwenye somo lake la fizikia. Watoto wataulizwa maswali zaidi kuliko watakavyonakili ubaoni. Watarudi nyumbani kumsumbua mama jikoni, kwa hiyo mama avumilie. "Na mtasikia kelele," akamalizia. "Msishtuke." Wazazi wakapiga makofi. Wazazi wetu bwana! Ukimaliza kusema wanapiga makofi, ila walichokisikia ni shauri lingine.

Sasa ujue shule yenyewe ilivyokaa. Imechongwa ubavuni mwa mlima, na njia ya kwenda sokoni inapita juu yake, karibu kiasi kwamba ukidondosha tunda la peasi linatua kwenye bati. Kila anayepita na tenga lake anasikia darasani kunavyoendelea. Miaka yote watu walizoea kusikia mwalimu akisoma kwa Kiingereza na watoto wakiitikia kwa pamoja, vizuri, utadhani kwaya. Mama anatua mzigo, anajifuta jasho, anatabasamu. Mtoto anasoma huyo! Anasoma nini, hilo hakuna aliyeuliza.

Kwenye darasa la Mwalimu Yusta ilikuwa patashika. Watoto wanabishana, wanacheka, mmoja anagonga meza, mwingine anapiga kelele kwamba mwenzake hajui anachosema. Tena si kwa Kiingereza, wala si kwa Kiswahili. Kishambaa! Kishambaa kilekile cha kugombania mwiko.

Mzee Hezekia ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Ni mkulima wa kabichi, mzee wa kanisa pale usharikani, na sauti yake akiitoa kwenye wimbo spika hazihitajiki. Jumatatu moja, siku ya soko, anapita zake na mzigo, akaitambua sauti ya bintiye Yunis ikibishana humo ndani. Alifura. Aliteremka na mzigo uleule begani mpaka mlangoni pa darasa.

"Shikamoo, Mzee Hezekia," Mwalimu Yusta akawahi.

Hapo mzee akabanwa. Una hasira zako zote kifuani, lakini shikamoo haiachwi ikaning'inia. "Marahaba," akajibu kwa uchungu. Kisha akalipuka. "Mwalimu, Kishambaa mimi ninacho nyumbani, tena cha bure! Huyu nimemleta hapa achukue Kiingereza!"

"Mzee wangu, wanaanza na lugha ya nyumbani ili jambo liwaingie. Katikati ya wiki tunahamia Kiswahili. Ikifika Ijumaa, kila mmoja anasimama analieleza kwa Kiingereza. Njoo Ijumaa usikie."

"Ijumaa nije kufanya nini? Mimi napita Jumatatu, siku ya soko. Na Jumatatu nasikia Kishambaa tu!"

Na kweli, kosa lilikuwa hapo. Nchi nzima ilipita njia ile Jumatatu, ikasikia Jumatatu, ikahukumu kwa Jumatatu. Ijumaa ya Mwalimu Yusta walikuwa wanaisikia kunguru.

Mwenyewe alikuwa na sababu zake. Amezaliwa Mgwashi, nyumba ya wakulima, na alipoingia kidato cha kwanza alikuwa akizikariri notsi za Kiingereza kama zaburi. Alisifiwa. Aliitwa mbele awaimbie wenzake. Mtihani ulipokuja, swali likageuzwa kidogo tu, likaulizwa kwa namna nyingine, akabaki anakodolea karatasi macho. Alirudia darasa. Alilia mpaka mama yake akadhani kuna mtu amekufa. Siku alipopewa chaki yake mwenyewe, alikula kiapo kwamba hakuna mtoto atakayeimbishwa kitu asichokijua mbele yake. Ukaidi huo ndio aliokuja nao.

Lakini ukaidi hauzuii kikao. Mkuu wa shule, Bwana Anselm, si mtu mbaya, ila ni mtu wa kupenda amani, na amani yake ni kutoitwa na mzazi yeyote. Alimwita ofisini.

"Mwalimu, wazazi wamenifuata. Jumamosi tunakaa nao. Wakikukataa, nakutoa kidato cha pili, nampa mwingine."

"Mtihani wa taifa uko mlangoni, mkuu."

"Ndiyo maana wamekuja juu."

Yusta alitoka pale. Kusema kweli, aliumia. Alimfikiria Yunis, ambaye kidato cha kwanza chote hakufungua mdomo darasani, mpaka walimu wengine walidhani hasikii vizuri. Sasa ndiyo kwanza ameanza kuuliza. Akiletewa mwalimu wa kumwimbisha, atanyamaza tena, na safari hii hatasema milele. Hilo ndilo lililomuuma, si cheo wala jina.

Jumamosi wazazi wakajaa darasani, wamebanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti kidevuni. Wanafunzi wakajipanga nje madirishani. Mzee Hezekia akasema yake, akashangiliwa. Zamu ya Yusta ilipofika, hakujitetea.

"Naomba niwafundishe somo moja tu," alisema. "Kisha mnikatae."

Akageukia ubao, akaanza. Kiingereza kitupu! Kama walivyotaka. Akaandika, akasoma, akachora sufuria na mishale, akaandika tena. Darasa kimya. Mama Dorkasi, muuza karoti, kope zikaanza kumlemea. Mzee Hezekia alikagua mabati, bati moja baada ya jingine. Mara Yusta akamnyooshea chaki, akamuuliza swali, kwa Kiingereza. Mzee akageuka nyuma kuangalia anayeulizwa ni nani.

"Ni wewe, mzee wangu."

Watoto madirishani wakaziba midomo.

"Kwa heshima yako, simcheki mtu," Yusta akasema kwa upole. "Ila hivyo ulivyokaa sasa hivi, ndivyo Yunis alivyokaa mwaka mzima. Na ninyi mlipita juu pale mkasema kuna utulivu."

Ndipo akaweka chaki chini, akashika kiuno, akawauliza kwa Kishambaa, "Haya. Makande yanaiva upesi wapi, kwetu huku au Muheza?"

Eeh! Ungekuwepo! Mama Dorkasi usingizi ulimruka. Ana dada ameolewa Muheza, alisema, na kule unabandika makande, unafua nguo chache, unakuta tayari. Huku unafua za ukoo mzima na maharage bado yanakutazama. Mwingine akasema ni maharage ya kule, ni laini. Dorkasi akambishia: yeye alikwenda na maharage yake ya kutoka huku! Basi ni baridi. Basi ni maji. Mzee Hezekia akasimama.

"Ni kuni!" akanguruma. "Kuni zetu zina ukungu, haziwaki!"

"Mghosi, hebu kaa!" Dorkasi akamjibu, kwa lile jina la heshima la wanaume wa kwetu, ila heshima yenyewe hukuisikia. "Mimi napikia mkaa!"

Wakashikana maneno, mtu anagonga meza, mtu anacheka, mtu anapiga kelele kwamba mwenzake hajui anachosema. Juu njiani watu wakasimama. Mwanamke mmoja akainama ukingoni akauliza kwa sauti, "Jamani huko chini, ni msiba au harusi?"

Yusta aliwaacha wabishane mpaka wakachoka. Kisha akamwita Yunis aingie. Binti akapita katikati ya wazazi, akasimama mbele.

"Tate," alimwambia baba yake kwa Kishambaa, "kuni hazina kosa. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana. Kwa hiyo yanachemka mapema, kabla hayajapata moto mkali. Unayaona yanatokota, lakini moto wake ni mdogo. Muheza wako chini, hewa inayakandamiza zaidi, yanachelewa kuchemka, na yakichemka yana moto zaidi kuliko ya kwetu. Ndiyo maana maharage ya kule hayasumbui."

"Kumbe ndiyo maana mama alikuwa anaweka jiwe juu ya mfuniko, maji yakandamizwe!" Dorkasi akapiga paja.

Yunis akarudia yote kwa Kiswahili. Halafu akavuta pumzi, akasema yote kwa Kiingereza, hakuangalia ubao, mikono ikichora mlima na sufuria hewani. Mzee Hezekia hakijui Kiingereza hicho. Lakini alisikia "makande" ikipita, akasikia "Muheza", aliiona mikono, na kila sentensi alijua ilipofika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alielewa Kiingereza kizima, tena kutoka kinywani mwa bintiye. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Furaha tu.

Bwana Anselm akakohoa. "Basi, wanaotaka Mwalimu Yusta atolewe, wanyooshe mikono."

Mzee Hezekia akageuka, akawatazama wote. "Atakayenyoosha, tutaonana naye njiani," akasema. Mkono haukunyooka hata mmoja. Akamgeukia mwalimu, akamwinamia kidogo, akamshukuru kwa Kishambaa. "Hongea, mwalimu. Asante sana." Yusta alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na madirishani watoto walikuwa wanapiga mabati kwa viganja mpaka vumbi likashuka.

Mtihani wa taifa ulipokuja, darasa lile lilifaulu fizikia lote, na Yunis aliongoza. Lakini watu wa kwetu wanapenda kusimulia Jumatatu moja kabla ya hapo. Mzee Hezekia alikuwa anakwenda sokoni na kabichi zake. Alipofika juu ya shule akasimama. Kimya. Akasikiliza tena, kimya kabisa. Moyo ukamlipuka.

"Mwalimu Yusta!" akaita kwa ile sauti ya kanisani. "Kuna usalama huko? Mbona watoto wangu wamenyamaza?"

"Tunaandika jaribio, tate!" Yunis akajibu kutoka dirishani.

Mzee hakuridhika. Akatua mzigo, akaketi ukingoni, soko likamsubiri, mpaka aliposikia meza ya kwanza inagongwa.